Mume Wangu Anamtafuta Mwanamume wa Kwenye Kitabu Changu

Admin, usitaje jina langu tafadhali, huku kwetu tunajuana sana.

Mimi ni mwalimu, miaka thelathini na tisa, nimeolewa upande wa Runyenjes na Mungu ametupa wasichana wawili. Mume wangu tumwite Baba Wanja. Ni mkulima wa majani chai, ni mzee wa kanisa, hanywi, na hajawahi kuniinulia mkono. Nasema hivyo mapema ili msije mkamtukana huko chini.

Mwaka jana nilitoa riwaya. Niliiandika miaka mingi kwa meza ya jikoni, nikingoja githeri iive. Huwa tunakutana Embu mjini, waandishi wachache, kwa hoteli moja nyuma ya soko, tunasomeana kazi zetu na kukosoana. Hapo ndipo nilifunzwa kwamba ukitaka msomaji ampende mhusika, usimmwagie sifa. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono. Basi nikamtengeneza Kirimi, muuza viazi wa Kiirua, huko Meru, mahali ambapo mimi hupita tu nikienda Nanyuki. Kirimi anampenda mwalimu mmoja. Msimu wa mvua anamngojea kwa steji ya matatu akiwa amebeba gambuti, vile viatu virefu vya mpira, amvishe, asiharibu viatu vyake vya shule kwa matope.

Baba Wanja si mtu wa vitabu. Alikisoma changu kwa sababu watu wa kanisa walikuwa wanampongeza na hakujua awajibu nini. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, na mimi nikifurahi kimoyomoyo. Asubuhi moja akitoka kukamua akakiweka mbele yangu, kimefunguliwa.

"Mama Wanja, huyu mtu ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu wa gambuti."

Nikamwambia ni wa kubuni tu.

"Hapana. Hayo mengine mtu anaweza kubuni. Gambuti haziwezi kubuniwa. Kuna mtu alikufanyia hivi."

Nikamwambia ukweli. "Ni wewe. Ule mwaka nilikuwa na mimba ya Wanja, barabara ikaharibika. Ulikuwa unaningojea na gambuti zako mwenyewe, unanivisha, halafu wewe unarudi nyumbani miguu mitupu."

Aliniangalia sana. "Mimi?"

"Wewe."

"Sikumbuki. Na usinitumie mimi kumficha mtu."

Nilidhani nitalia. Hakuna kitu kilikuja. Nikachukua vikombe nikaviosha, nikaenda shule, nikafunza kama kawaida.

Wiki hiyo akaniambia anaenda kutafuta ndama wa kununua. Kumbe ameenda Kiirua. Amefika sokoni akaulizia Kirimi anayeuza viazi, na nyinyi mnajua akina Kirimi walivyo wengi Meru. Akampata mmoja. Mimi nikiwa darasani simu ikaita, namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye mwalimu wa kitabu?"

"Ndiyo, mimi."

"Mume wangu umemjulia wapi?"

Nikaapa simjui. Akasema, "Basi kwa nini bwana yako amenipa namba yako, na amesimama hapa akimsomea kitabu mbele ya watu?"

Mwanamume akachukua simu. "Madam, mimi nina wajukuu. Mwambie bwana yako. Hata hizo gambuti sina."

Nikaomba anipe Baba Wanja. Huyo naye akakataa kuongea na mimi. Nilisikia tu watu wakicheka. Baadaye yule mama alinitumia ujumbe kwamba sasa soko lote linamwita mumewe Gambuti, na kwamba yeye mwenyewe usiku humwangalia anashindwa kujua aamini nani.

Baba Wanja alirudi bila ndama, akala, akalala. Tangu hapo tunaongea mambo ya ng'ombe na watoto peke yake.

Kwa kikundi chetu cha waandishi nilieleza yote. Mwalimu mstaafu anayetuongoza akapiga meza. "Msomaji akianza kumtafuta mhusika sokoni, jua umeandika!" Wakanipigia makofi. Mimi pia nilicheka, lakini nilijisikia kama ni mtu mwingine anacheka chumba cha pili. Ni mama mmoja tu, anayeandika hadithi za watoto, aliyeniambia tukitoka, "Mimi niliacha kuandika watu wazima kwa sababu hii hii. Siku hizi naandika sungura. Hakuna anayekuja kuniuliza sungura ni nani."

Sasa mhariri wangu amepiga simu. Anasema kitabu kinatembea, wasomaji wanataka kujua Kirimi aliishia wapi, nianze sehemu ya pili wakiwa bado na hamu. Ni jambo nililoliomba Mungu tangu ujana. Nilipomwambia Baba Wanja, hakupandisha sauti. "Ukimrudisha huyo mtu, usimrudishie kwa hii nyumba."

Sijaandika neno. Sijamjibu mhariri. Sisikii uchungu, sisikii furaha, chakula nakula nikijua tu ni wakati wa kula.

Halafu Jumapili tukitoka kanisani, watoto wametangulia, akaniuliza bila kuniangalia, "Huyo Kirimi. Alimwoa huyo mwalimu mwisho?"

Nikasema sijui, sijafika hapo.

Akatembea kidogo. "Na kama hangemwoa, angeendelea kumletea gambuti?"

Sikujua ni hasira au ni swali. Tulikuwa tumefika nyumbani; alifungua geti akaenda kukatia ng'ombe nyasi.

Wenye ndoa na wenye kalamu, niambieni. Mhariri nimwambie nini? Na huyu mwanamume akiniuliza tena, nimjibu vipi?