Maji ya Kafuri ni ya Mwisho

Mamangu alikuwa mwosha maiti wa wanawake mtaani kwetu Malindi, nami ndiye niliyemjazia birika. Utaratibu wake haukubadilika tangu nianze kumsaidia: maji ya majani ya mkunazi kwanza, ya kafuri mwisho. Katikati ya miaka ya themanini, tukimwosha jirani, aliniagiza kafuri kabla maji ya kwanza hayajamwagwa. Nikampa ya mkunazi. Kisha akauliza kama upande wa kulia tumeshauosha. Ndio kwanza tulikuwa tumeumaliza.

Nyumbani alipika, alisali, aliwajua jamaa zake wote. Kilichompotea ni mpangilio wa mambo. Nikampeleka kwa daktari aliyetutibu sote, mzaliwa wa mji, mwenye zahanati yake karibu na soko.

"Shikamoo, mama," daktari akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Watoto hawajambo? Na goti la mamako, limepoa?"

Akaiulizia nyumba nzima, mmoja mmoja. Daktari akanigeukia akicheka.

"Huyu ndiye waniambia akili zimempungua? Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau hilo goti."

Nikamwambia salamu hizo mamangu amezitoa maisha yake yote, hutoka zenyewe. Amuulize alichokula asubuhi. Akakataa. Kumhoji mtu mzima kama mtoto wa chuo cha Kurani, alisema, ni kumvunjia heshima.

"Kwani baina ya uzima na wazimu hakuna kitu?" nikamuuliza.

"Kuna uzee. Umesoma vitabu viwili vitatu, sasa wamtafutia mamako maradhi. Ama wataka birika lake liwe lako?"

Mamangu alilidaka neno hilo. Njia nzima hakusema nami. Tangu hapo, kila nilipomkumbusha jambo, alinijibu, "Daktari asema mimi mzima. Mgonjwa ni wewe, kwa husuda."

Hata leo sijui kama daktari aliona akanyamaza, au hakuona kabisa. Yote mawili siyasamehe.

Msiba uliofuata, mamangu alimaliza kuosha, akaanza upya kutoka kichwa cha maiti, kisha akaanza tena. Binti wa marehemu akampokonya birika.

"Mwamfanyia mchezo mamangu?"

Hakuna aliyemtetea, na habari ikafika sokoni kabla yetu.

Miezi michache baadaye akafa mamake daktari, yule wa goti. Mamangu aliposikia, alioga, akavaa buibui, akaketi karibu na mlango, birika mapajani, akisubiri kuitwa. Nilimwambia apumzike.

"Watakuja sasa hivi," akasema. "Yule ni mwanangu."

Hakuja mtu. Baada ya adhuhuri jirani akapita, akatuambia maiti imeshaoshwa: daktari alituma gari Mambrui mapema, likaleta mwosha wa huko.

Mamangu akanitazama. "Si alisema mimi mzima?"

"Alisema," nikamjibu.