Gitaa ya Mlango wa Kabati

Mjukuu wangu alikuja hapa Kawangware Jumamosi iliyopita na gitaa mbili za besi, moja kila bega, kama punda wa maji. Akazilaza kwenye kochi langu. Moja nyeusi, inang'aa, ya bei ya kukata pumzi. Nyingine nyekundu, ya bei rahisi, ile aliyoanzia.

"Shosho, hii nyekundu naitupa," akasema. "Ni ya wasee wanaoanza kujifunza. Imekufa, haina sauti."

Nikamwambia, "Leta sufuria."

Akacheka. Wewe pia cheka, lakini keti kwanza. Shule niliiachia darasa la nne, ila kuhusu besi usinifundishe.

Nililelewa Silanga, kule chini Kibera karibu na bwawa, miaka ile mashamba ya sukuma wiki na mahindi yalikuwa bado yanashuka mpaka kwenye maji. Baba alikuwa fundi wa mbao, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya. Siku sita alitengeneza vitanda na milango. Jumapili mchana alipiga besi katika baa moja huku Kawangware, na gitaa alijitengenezea mwenyewe. Mwili wa gitaa hiyo ulikuwa mlango wa kabati lililotupwa na tajiri fulani. Shingo ilikuwa mvule. Sumaku ilitoka kwa spika ya redio iliyokufa, ikazungushiwa waya mwembamba wa shaba. Nzito hiyo! Ilimwachia alama begani. Ukiiunganisha na stima ilinguruma kabla hajaigusa, na kila baada ya nyimbo mbili ilibidi akaze nyuzi tena kwa sababu sauti imeteremka. Majirani walimtania njiani: "Fundi, leo kabati inaimba ama inaweka nguo?"

Nyuzi mpya hakuwa nazo. Alipewa zilizochoka, zile wapigaji wa hoteli za mjini walikuwa wakitupa. Kazi ya kuzifufua ilikuwa yangu. Kila Jumamosi, nikishachota maji na kuosha vyombo, nilizikunja zote nne kama nyoka nikazitumbukiza katika sufuria moja iliyobonyea, jiko la makaa likiwaka. Jasho la vidole hujificha katikati ya mizunguko ya waya. Maji yakichemka linatoka, na maji yenyewe yanakuwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Halafu unapangusa kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, unaanika. Uzi uliokuwa unalia kama gunia lililopigwa teke unaanza kuimba. Mama hakupenda. "Siku moja mtatupakulia waya," alisema, na sufuria ya ugali akaificha chini ya kitanda.

Nyumbani stima hatukuwa nayo. Basi jioni baba alikandamiza kichwa cha gitaa kwenye meza yetu, akapiga hivyo hivyo. Meza nzima iliimba! Sisi watoto tulilaza masikio juu ya mbao, omena ikikaangwa nyuma yetu, na besi ilipanda mpaka kwenye meno. Hapo mezani ndipo alipojifunza kila wimbo aliowahi kupiga.

Sasa, yule mwenye baa alikuwa pia mwenye ploti, nusu ya mtaa ni wapangaji wake. Jumapili moja alifungua sanduku mbele ya watu. Ndani kitambaa chekundu laini, na juu ya kitambaa besi mpya kutoka ng'ambo.

"Fundi," akasema, "wiki ijayo utapiga zote mbili, watu wasikie. Mimi nimechoka kuchekwa eti baa yangu inapigiwa kabati."

Mimi nikaapa kabati itashinda. Wiki ile nilichemsha nyuzi mara tatu.

Siku yenyewe tulivuka Barabara ya Ngong kwa miguu, baba mbele na gitaa begani, mama na mimi nyuma tukiwa na nguo za kanisani. Baba akaanza na yetu. Mabati yalitetemeka, watu wakaacha nyama mezani wakacheza. Nikamwangalia mwenye ploti kwa jicho la kusema, umeona? Kisha baba akachukua ile mpya, akapiga wimbo uleule.

Sitakudanganya. Ile ya ng'ambo ilikuwa nzuri zaidi. Haikunguruma, haikuteremka, kila sauti ilitoka safi kama sahani iliyooshwa. Mkono wa baba ulikuwa unateleza tu kwenye ile shingo nyembamba, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona akiwa na yetu.

"Unaonaje?" mwenye ploti akauliza.

"Ni nzuri, mzee. Nzuri sana. Nitaipiga hii. Jioni nitaibeba nyumbani nikaizoee."

"Ubebe wapi?"

"Silanga."

Mwenye ploti akacheka mpaka tumbo likaruka. "Hii ikalale Silanga? Kwa matope na panya? Hii inalala hapa, kwa sanduku, na ufunguo mfukoni mwangu. Utaikuta Jumapili."

"Na hizo siku sita nijifunzie wapi?"

"Si uko na kabati yako?"

Watu wakacheka. Baba yangu, fundi aliyetengeneza milango ya nusu ya Kibera, akachekwa amesimama. Mdomo wangu ukanitoroka. "Basi lala nayo wewe," nikapiga kelele, "na uinyonyeshe!"

Sasa wakamcheka yeye. Mama alinifinya sikio hadi likawaka moto, lakini baba hakunikemea. Alipangusa ile gitaa kwa shati lake, polepole, akairudisha kwenye kitambaa chekundu. "Mzee," akasema, "kama hii haiwezi kulala kwangu, basi hata mimi sitaipiga." Akavuta kabati yake begani, tukaondoka.

Nafasi aliipoteza, na Jumapili zetu zikakosa nyama. Mama alinuna mwezi mzima. Lakini kila Jumapili mchana baba alipigia mezani, na majirani wakaja, yule jirani muuza makaa akiwa wa kwanza, wakalaza masikio na sisi. Na siku moja baba aliniwekea ile gitaa mapajani. "Wewe ndiye mpishi," akasema. "Onja sasa." Niliambiwa msichana hapigi besi. Nikapiga, tena miaka mingi, na kanisani wazee walipokunja nyuso nikapiga kwa nguvu zaidi.

Baba hayupo. Shingo ya mvule ilipinda mwaka wa mvua nyingi, meza ikaishia jikoni kama kuni, na pale palipokuwa na sukuma yetu leo ni mabati juu ya mabati. Ile ya ng'ambo sijui iliishia wapi, na sijauliza.

Basi tulizipika nyuzi za ile nyekundu, mimi na mjukuu. Maji yakawa strungi, vilevile. Tukazirudisha, nikakandamiza kichwa cha gitaa kwenye meza yangu, nikamwambia laza sikio. Nikapiga kwa vidole hivi vilivyokakamaa. Nilipoacha, yeye alikuwa bado amelaza sikio hapo, macho amefunga.

"Shosho," akasema, "na hiyo nyeusi tuipike?"

Nyeusi aende nayo, ni nzuri, sikatai. Nyekundu haitupwi. Nyekundu inalala kwangu.