Kuku wa Karanga wa Mama Mkwe

Nina hasira hadi sasa ninapoandika haya, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Wifi yangu aliwatangazia ndugu wote kwamba mke wa kaka yake, anayejidai na kazi ya ofisini, hajui kupika. Ni kweli sijui, lakini yeye alitumwa na nani kusema? Basi mama mkwe alipotuma salamu kwamba Jumapili atakuja naye kula kwangu, nilikwenda duka la vitabu hapa Mtendeni nikanunua kitabu cha mapishi cha watoto, chenye kurasa za nailoni zisizolowa.

"Ni zawadi ya mtoto?" aliuliza muuzaji.

"Ndiyo," nilidanganya, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne.

Jumapili nilipika kuku wa karanga nikikifuata kitabu neno kwa neno. Mama mkwe alionja, akaongeza mchuzi.

"Mwanangu, nani kakufundisha?"

"Marehemu bibi yangu, mama."

Wifi alinuna. Nami kwa kiburi nikakimbilia jikoni kuleta sufuria nzima, bila kukumbuka kwamba nilipoiepua niliitua juu ya kitabu. Mama mkwe alipoiinamisha ajipakulie, tukaona ukurasa mmoja wa nailoni umeyeyuka, ukachanika kitabuni na kunata chini yake, wenye picha ya sungura aliyevaa aproni.

Wifi akasoma kwa sauti: "Hongera, mpishi mdogo!"

Nilitamani kumchapa mwiko. Mama mkwe alimtazama yule sungura, kisha akaniuliza kwa upole:

"Ndiye marehemu bibi yako huyu?"