Nilionja Stauti ya Maziwa, na Sitasema Ilikuwa Chungu

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka sabini na mbili, ni mwalimu mstaafu wa kemia, mzaliwa wa Kilimanjaro, na naishi Lewisham na mke wangu. Niliokoka nikiwa na miaka thelathini na tangu hapo sikugusa pombe. Katika ushirika wetu wa Waswahili hapa London mimi ni mzee wa kanisa, na ndiye ninayewafundisha wachumba kabla ya ndoa. Leo nimetengwa na Meza ya Bwana kwa ajili ya funda la bia, na nyumbani mke wangu hanisemeshi.

Nieleze taratibu. Jirani yetu wa mlango wa pili ni bibi wa Kiingereza, nimwite Bi Doreen, anayekaribia miaka tisini. Mwaka huu kumbukumbu zimeanza kumpotea, na imani yake kwa watu imekwenda nazo. Chochote unachompa anasema kimetiwa sumu. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Mwanawe, anayeishi mbali, alimletea kasha la kinywaji alichokipenda tangu ujana wake, stauti ya maziwa, akitumaini kitamrudishia hamu ya kula. Muuguzi aliruhusu glasi ndogo. Bi Doreen akaisukuma. Mwanawe akaniomba mimi nijaribu, kwa kuwa sura yangu bado anaikumbuka.

Kwetu, anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, hunywa kidogo kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe kata. Maana yake ni kwamba kilichomo ameshakinywa yeye, kwa hiyo kunywa bila hofu. Mama yangu alikuwa mpishi wa mbege, na hilo alinifundisha kabla sijajua kusoma. Basi nilipoishika ile glasi, bibi wa watu akinitazama kwa woga, sikufikiri. Nikanywa funda, nikameza, nikampa. Aliliangalia koo langu, akasubiri kama dakika nzima. Kisha akanywa yote, akaomba mkate na jibini.

Kwa wasiokijua, kinywaji hiki ni bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa. Hakimiminwi maziwa, hutiwa sukari itokanayo na maziwa, ambayo hamira haiwezi kuila, kwa hiyo utamu hubaki. Kilevi chake ni kidogo, hakifiki asilimia tatu. Zamani Waingereza waliwapa wanawake waliojifungua, kama sisi tunavyowapa mtori wa ndizi na nyama. Povu lake lina rangi ya chai ya maziwa. Ladha yake ilinikumbusha maziwa yaliyoshika kidogo chini ya sufuria, ule ukoko ambao watoto tuliukwangua tukigombania kijiko.

Tangu siku ile, kila siku saa saba mchana naenda, naonja, anakunywa, anakula. Wiki ya pili aliingia dada mmoja Mkongo wa ushirika wetu, ambaye ndiye mhudumu wa asubuhi wa Bi Doreen na alikuwa amesahau simu. Akanikuta nafuta povu kwenye masharubu.

"Papa, kumbe weye unakunywaka?"

Nilimweleza yote, akatikisa kichwa, akaondoka. Jumapili iliyofuata nikaitwa na baraza baada ya ibada. Mchungaji, kijana niliyemfundisha mimi somo la ndoa, aliniuliza kwa upole kama nilimeza au nilitema. Nikamjibu kwamba ukitema mbele ya mtu anayeogopa sumu, umemfukuza mezani milele. Wakanong'onezana. Kisha akaja na njia ya kunisaidia, na naamini alitaka kunisaidia kweli: nisimame mbele ya ushirika, niseme kwamba kinywaji kile ni kichungu, nakinywa kwa kujilazimisha kama dawa, kwa upendo wa mgonjwa. Niendelee kwenda, na mambo yaishe.

"Lakini si kichungu," nikasema.

"Mzee, hapa tunatafuta namna."

"Ni kitamu, Mchungaji. Funda la kwanza lilinishangaza, na la leo nalisubiri tangu asubuhi."

Hapo ndipo nilipotengwa. Funda wangenisamehe. Utamu hawakuweza. Wamenipa hadi Jumapili hii nifikirie upya.

Nimeshafikiri. Kwa miaka yote hiyo nimewaambia wachumba kwamba uongo mdogo wa kulinda heshima ndio unaobomoa nyumba. Nikipanda pale mbele nikasema ilikuwa chungu, vijana wale niliwafundisha nini? Sijalewa hata siku moja, sijanunua chupa, na nyumbani kwangu hamna tone. Lakini ulimi niliopewa na Mungu ulionja kitu kitamu, nami sitausingizia.

Mke wangu ndiye anayeniumiza. Binti yetu, aliyezaliwa hapa, alicheka tu, akasema kwa Kiingereza chake kwamba kitu hicho ni kama juisi. Mama yake hakucheka. Wenzake wa kikundi cha akina mama wameacha kumpigia simu. Juzi aliniwekea chakula, akakaa mbali na meza na kuniambia, "Baba Upendo, miaka arobaini na tatu sijakuomba kitu kigumu. Neno moja tu. Sema ilikuwa chungu." Nikamwambia siwezi. Akabeba sahani yake, akaenda kula jikoni. Tangu hapo anakula huko.

Jumapili ni keshokutwa. Nitavaa suti yangu, nitaketi benchi la nyuma, na wakiniita mbele nitasema ilikuwa tamu. Hilo silitafutii ushauri, na anayetaka kunifundisha kudanganya asipoteze muda wake kuandika. Ninachowauliza ninyi mlioishi na ndoa muda mrefu ni hiki kimoja: mwanamume asiyetaka kufuta neno lake, afanye nini ili mkewe arudi kula naye meza moja?