Bwana Yuleyule

Wiki iliyopita niliteremka saluni, chini ya jengo letu hapa Albert Park, Durban, kunyoa zile nywele chache ambazo bado hazijanikimbia. Juu ya kioo pana televisheni ambayo haizimwi wala haitazamwi. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo kituo kimoja huonyesha filamu za zamani za Hollywood, zile zisizo na rangi. Humo mzika maiti akaingia, kofia ndefu kichwani, akampima kwa macho mgonjwa ambaye bado alikuwa hai, akapiga chafya, akatoka. Dakika mbili tu. Mimi nikainuka kitini na kuita, "Mama, njoo umwone!"

"Eish, papa!" Kinyozi akaruka nyuma na wembe wake. "Nitakukata shingo hapa, watu waseme Mukongomani ameua Mukongomani."

Nikakaa. Sikumweleza kitu. Mama tulimzika mwezi wa saba, na tangu hapo hateremki ngazi hata akiitwa kwa tarumbeta. Lakini wewe nitakueleza, kwa kuwa huna wembe mkononi.

Nilikulia Bukavu, na kila Jumamosi alasiri parokia yetu ilionyesha sinema. Mtawa mmoja Mzungu alikuwa na mashine iliyonguruma kama tumbo la mwenye njaa, shuka jeupe aliloliazima kwa masista, na maboksi ya filamu za Kimarekani zilizotiwa sauti za Kifaransa. Mwalimu wetu wa darasa la nne alisimama kando ya shuka akitutafsiria kwa Kiswahili, na pale watu walipobusiana alitafsiri kwa kikohozi. Jenereta ilikuwa nje, dirishani, hivyo moshi wake uliingia ndani na kuchanganyika na harufu ya maandazi ya mama. Mama aliyauza mlangoni, akiwa na karai na kitambaa safi, na hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yetu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza nzi, kazi ambayo niliifanya vibaya, macho yangu yakiwa kwenye shuka.

Watoto wengine walimshangilia mwenye bastola. Mimi na mama tulikuwa na mtu wetu. Jina lake hatukulijua, maana majina yalipita mwanzoni wakati watu bado wanagombea mabenchi. Tulimwita Bwana Yuleyule. Jumamosi hii ni muuza pombe anayefuta bilauri. Jumamosi ijayo ni hakimu mwenye mafua. Kisha daktari wa meli, mwizi wa farasi, mkuu wa stesheni, padri mlevi. Mara alichechemea, mara aliongea kwa puani, na siku moja alivua meno yake yote akayatia mfukoni, ukumbi mzima ukapiga kelele. Alizeeka, na wiki iliyofuata alirudi kijana, kwa sababu filamu zilitufikia bila mpangilio. Hakuwahi kumwoa mrembo, na hakuna bango lililomchora. Aliingia, akafanya uongo wote uliokuwa ukiendelea uaminike, akatoka. Mama alimtambua hata alipojifunika uso kwa kitambaa cha majambazi.

"Tazama masikio," aliniambia. "Sura mutu anabadilisha. Masikio atabadilisha na nini?"

Mwalimu alitueleza kwamba aliwahi kusoma habari za watu wa namna hiyo katika gazeti kuukuu: studio inamwajiri mtu mwaka mzima, na kila asubuhi anaambiwa leo atakuwa nani. Leo Mrusi, kesho mchunga kondoo. Mwalimu alilisema hilo kama sifa. Mama alilisikia kama msiba. Kwake, mtu anayebadilisha kazi kila wiki ama anafukuzwa ama ana bahati mbaya, na yote mawili yanataka sala.

Na sala ya mama ilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufunua sufuria, alitaja majina ya walio njiani, mmoja mmoja, ili nao huko waliko wapate mtu wa kuwapakulia. Baba, aliyeendesha lori njia ya Kisangani. Mjomba, aliyekwenda kuchimba dhahabu Kamituga. Na mwishoni, kwa sauti ileile, "na ule bwana wa sinema." Siku moja mwalimu alikula kwetu, akasikia hayo, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, ule ni muchezo! Wanamulipa!"

"Najua ni muchezo, mwalimu," mama akasema. "Lakini mwenye kucheza ni mutu. Anakula kwa nani?"

Mwalimu akaacha kucheka. Bugali ikafunuliwa, na sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, na mboga ya lenga-lenga, tukala.

Mimi niliona wivu. Kila mchana nilisikia jina la mtu wa kwenye shuka, langu sikulisikia hata siku moja. Nilipolalamika, mama alinigonga vidole kwa mwiko. Aliye mezani hatajwi, akasema. Aliye mezani anakula. "Weye uko hapa mbele yangu. Nikutafute wapi tena?"

Durban nilifika mwaka 2008, na shahada yangu ya fasihi, somo nililolifundisha Bukavu, ndani ya bahasha ya plastiki isilowe. Haikulowa. Haikufanya kitu kingine chochote pia. Nimelinda magari ya watu karibu na ufukwe, nimekuwa askari wa mlangoni kwenye duka la samani, nimetafsiri kwenye foleni za zahanati, nimeosha maiti wiki mbili, na sasa ninauza vifuniko vya simu. Wanafunzi wangu wa zamani wangeniona wangesema mwalimu amefanya utafiti wa kina. Mwaka 2011 nikamleta mama, kwa sababu baba alikuwa amefariki na mjomba alikuwa hajarudi. Tuliishi ghorofa ya saba, chumba kimoja na nusu, hiyo nusu tukaiita jikoni. Alipika, aliimba, aligombana na lifti. Halafu, polepole, kama mtu anayetoa vyombo ndani ya nyumba bila kukuaga, alianza kusahau. Kwanza funguo. Kisha mtaa. Asubuhi moja alinipokea chai mkononi, akanitazama kwa adabu sana, akauliza:

"Asante, baba. Weye ni mutoto wa nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sitakuficha, nilipigana. Nilimtajia jina langu la nyumbani, lile ambalo Durban nzima alilijua yeye peke yake, akasema ni jina zuri. Nilipika sambaza waliokauka kutoka duka la Wakongomani, nikitumaini harufu itafanya kazi ambayo mimi nimeshindwa. Alikula, akashukuru, akauliza kama hapo ni hotelini. Siku moja nilikata tamaa kabisa, nikamwonyesha karatasi yangu ya ukimbizi, picha, muhuri na vyote. Mtu mzima, msomi, ninampa mama yangu kitambulisho! Aliishika mbali na macho, akaitazama picha, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Hii picha haifanane."

Hata maofisa hawajawahi kunikataa kwa ufupi namna hiyo. Nilijifungia jikoni, yaani nilisimama nyuma ya pazia, nikalia.

Aliyenitoa pale ni jirani yetu, mama mmoja Mrundi ambaye alishinda na mama nilipokuwa kazini. "Papa, unabishana na yeye kwa nini?" akasema. "Akikuita dokta, kuwa dokta. Itakukata mukono?"

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, saa nane mchana, televisheni imewashwa ili kuwe na sauti nyingine ndani. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mama hakuijua. Mfungwa mzee akatokea nyuma ya nondo. Mama, ambaye kwa miezi mitano hakuwa amemtambua mtu yeyote, akainua shingo.

"Huyu naye amefika huku?" akasema. "Masikini. Alitoka mbali."

Sikujua nicheke au nivunje televisheni. Yule aliyekuwa na sura mia, mama alimjua. Mimi mwenye moja, ile aliyonizaa nayo, hapana.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wa Bwana Yuleyule. Nilimtazama kila mapumziko, mama akiwa pembeni yangu, nikachukua somo: haombi kutambuliwa. Anajua ameitwa awe nani, anakuwa, anatoka. Basi mama akiniita dokta, nilivaa shati jeupe, nikamshika mkono na kuhesabu mapigo kwa uso mzito, na dawa alizomtemea mwanawe alizimeza kwa dokta bila neno. Akiniona kondakta, nilitangaza kwamba teksi ya kwenda Isipingo haimpakii abiria ambaye hajaoga, na akaenda kuoga. Siku aliyoniita padri na kuanza kuungama nilikimbilia nyuma ya pazia, maana kuna mambo mtoto hatakiwi kuyajua hata akivaa kanzu. Jirani alinisifu. "Papa iko sharp," alisema. Lakini kila nilipomaliza sehemu yangu nilisubiri kidogo mlangoni, kama mjinga, nione kama ataniita kwa jina. Nilitaka mara moja tu. Nilijua hapati nafuu, zahanati waliniambia wazi. Nilitaka anijue kabla hajaondoka, ili nisibaki duniani nikiwa mtoto wa mtu ambaye hakumbuki kunizaa.

Mwaka 2015 ikaja ile wiki ambayo wageni tulishambuliwa mitaani, tukaambiana tusitoke. Maduka yetu yalifungwa, simu zililia kila saa zikileta habari za Isipingo, na katika ngazi zetu watu walitembea bila viatu ili wasisikike. Nilishinda ndani mchana kutwa. Unga ulikuwa unaisha, maharage yalikuwepo. Siku ya tatu mama aliniona nimesimama nyuma ya mlango nikisikiliza, akaamua mimi ni mtu aliyekimbia huko nje na kuingia kwake kujificha.

"Ikaa, baba," alisema. "Hapa hawatakugusa. Kuna chakula."

Akaketi mbele ya sufuria, mkono juu ya kifuniko. Miaka miwili hakuwa ametaja majina. Sasa akayataja. Baba. Mjomba. Ule bwana wa sinema. Nikadhani amemaliza, nikaanza kunyoosha mkono. Ndipo akasema jina langu. Lile la nyumbani. Alilisema taratibu, hakulikosea hata herufi, akaongeza, "Yeye njo mwenye kukawia zaidi."

Nililisikia jina langu, rafiki, nililolisubiri kama mtu anavyosubiri maji. Na kwa kuwa nililisikia, nilijua siko mezani.

Kinywa changu kilikuwa wazi kusema, mama, niko hapa. Ningesema, angeniangalia kwa ile adabu yake, na mwanawe angekuwa bado njiani, sasa akiwa na mgeni mwongo ndani ya nyumba. Nikafunga kinywa.

"Weye unatoka njiani," akaniambia. "Haukumuona?"

"Nilimwona, mama."

"Anakula?"

"Anakula."

"Amekonda?"

"Kidogo."

Akainuka kwa shida, akatafuta kopo la plastiki, akapakua bugali na maharage, sehemu nono, mpaka sufuria ikabaki na ukoko. Akafunga kwa kitambaa. "Umupelekee," akasema. "Nenda mbio, isipoe."

Nikasema nje kuna hatari. Akanitazama kwa mshangao. Hatari ndiyo sababu ya kwenda, akasema, au mimi sina mama?

Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya saba na ya sita, mahali ambapo hapana dirisha, nikafungua kitambaa, nikala kwa mkono. Kutoka chini nilisikia redio ya mtu ikisoma habari kwa Kizulu. Nilikula chote. Sikumbuki kama niliwahi kula kwa haraka hivyo tangu nikiwa na miaka minane. Kisha nikabisha hodi kwangu mwenyewe.

Mama alikuwa amesimama papo hapo nyuma ya mlango. Akachukua kopo, akalichungulia lilivyo tupu.

"Amesema nini?"

Nikashindwa kutunga. Nikasema ukweli. "Amesema chumvi imepungua."

Mama akapiga makofi, akacheka, kicheko chake cha zamani, cha mlangoni kwa parokia. "Njo yeye!" akasema, yaani ndiye. "Njo yeye mwenyewe! Tangu utoto analalamika chumvi! Basi ni muzima." Akaketi kitandani akifuta macho kwa ncha ya kitenge, akirudia, "Ni muzima, ni muzima," na mimi nikasimama mlangoni na mikono yangu inayonuka maharage.

Alifariki majira ya baridi yaleyale, usingizini, mchana. Hakuniita tena kwa jina. Ukumbi wa parokia, nasikia, sasa ni ghala la saruji; mashine ya sinema hakuna ajuaye iliko, na mwalimu alishatangulia. Jirani Mrundi amehamia Cato Manor. Mimi bado napika kwa sufuria ileile, na kila mchana nikifika kwenye kifuniko mkono wangu husimama wenyewe kidogo, ukisubiri majina. Hakuna anayesema. Langu halitajwi tena popote, hapa wala Bukavu, na kwa sheria ya mama asiyetajwa ni yule aliyekwisha kufika. Basi nimefika. Ningemshukuru mtu yeyote ambaye angeniambia ni wapi.