Maji ya Kunawa ya Mayu

Waliokuwepo siku ile niwataje kwanza, maana aliyebaki wa kuwataja ni mimi. Alikuwepo shangazi Milembe, dada wa baba, mwenye hoteli. Alikuwepo Luhende, mpakia magunia ya pamba, ambaye hakuwa ndugu wa mtu pale ila alikula kwetu kila siku mpaka tukamzoea kama ndugu. Alikuwepo Masunga wa Bukundi, mume wa dada yangu Kabula. Halafu akaja mayu, mama yangu mzazi, Nkwimba. Na mimi Limi, msichana wa kunawisha wateja mikono. Kabula mwenyewe hakuwepo, lakini shauri lote lilikuwa lake.

Wamenirudia akilini juzi hapa hapa Bariadi. Mjukuu wangu alinipeleka kula samaki, akaniambia, "Bibi, bomba la kunawa lile pale." Nikaenda. Maji yakapiga kwenye sinki la bati, na mlio ule, jamani, ulikuwa mlio wa beseni la shangazi. Nikabaki nimesimama na mikono yangu imelowa mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa. Hakuna anayenawisha mtu siku hizi. Unajinawisha mwenyewe, unakwenda kukaa.

Hoteli ya shangazi ilikuwa ya matofali ya udongo, karibu na kiwanda cha pamba. Msimu wa kuuza pamba nyuzi zilipeperuka zikaingia hadi kwenye chai, na wateja walizipuliza pembeni kama povu, wakanywa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu, na shangazi ndiye aliyeendelea kunifundisha. Alinifundisha kupiga goti, kuanza na aliye mkubwa, kumwaga maji membamba bila kumlowanisha mtu magoti. Alinifundisha kubeba bakuli bila dole gumba langu kuoga kwenye mchuzi. Zaidi ya yote alinifundisha mlango. "Usisubiri mtu akae ndiyo umtazame," alisema. "Mtazame anavyoingia. Kama ana njaa, kama ana msiba, kama humu ndani kuna mtu asiyetakiwa kukaa naye."

Hilo la mwisho kwetu lilikuwa kubwa. Mkwe hali mbele ya mkwe. Mwanaume akionwa na mama mkwe wake anatafuna, ni aibu ya kusimuliwa. Kwa hiyo mimi mtoto nilijua nani kaoa kwa nani, nikawapanga, huyu benchi la mbele, yule nyuma ya pazia.

Sasa Masunga. Kiangazi kilichotangulia alihamisha ng'ombe kutafuta majani, akapotea na ng'ombe wake bila salamu yoyote. Baba akakasirika, akaenda Bukundi kumchukua Kabula, akamrudisha nyumbani. Dada yangu akawa haongei. Alitwanga kimya, alichota maji kimya, na jioni alisimama njia ya Meatu, ile ya kwendea Bukundi, akijisingizia anatafuta kuni. Alimtaka mume wake. Kila mtu aliliona hilo isipokuwa baba, au baba hakutaka kuliona.

Siku hiyo Masunga alikuwa amekuja kujieleza. Wazee wangekutana kwa baba mkubwa, mchana. Baba alikuwa amesema wazi kwamba akiona dharau hata ya punje, Kabula harudi tena Bukundi.

Masunga aliingia asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Akaegemeza fimbo yake mlangoni, fimbo ya kuchungia iliyofungwa shanga nyekundu na nyeupe. Shanga zile alizifunga Kabula. Shangazi alimtazama tu akasema, "Keti baba, ule kwanza. Huwezi kuongea na wazee tumbo likikuongelea." Nikamnawisha. Nikamletea ugali na sato.

Luhende hakuweza kunyamaza. "Shemeji, pole pole! Huo ugali hauna miguu."

"Niache, ngosha," Masunga akasema, mdomo umejaa. "Tangu jana sijala."

"Ng'ombe wako wamekula lakini?"

"Wamenenepa."

"Basi ungekula majani nao."

Tukacheka, na Masunga naye akacheka. Katikati ya kicheko hicho nikaona miguu mlangoni. Niliifahamu miguu ile kabla sijainua macho. Mayu alitakiwa apitilize na baba kwa baba mkubwa, kumbe amechepuka kumsalimia wifi yake.

Sikupiga kelele. Nikachukua birika na beseni, nikapiga goti pale pale kizingitini, nikaujaza mlango.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanangu. Sijaja kula."

"Nawa tu, mayu. Una vumbi."

Akanitazama. Akainama, akatoa mikono. Nikamwaga maji membamba kuliko siku zote. Nyuma yangu nikasikia benchi limekwaruza, halafu pazia. Yakaisha maji ya mkono wa kulia, yakaisha ya kushoto. Pazia bado linahangaika. Mayu akasema, taratibu kabisa, "Ongeza maji. Bado sijatakata."

Nikaongeza. Mlango wa jikoni ukajibamiza.

Alipoingia, Luhende alikuwa na sahani mbili mbele yake, na kidole kwenye kila moja.

"Luhende, leo una njaa ya watu wawili?"

"Pamba nzito mwaka huu, mayu."

"Naona."

Mchana, kwa baba mkubwa, Masunga alijieleza akiwa ameinamisha kichwa. Baba akamgeukia mayu: "Wewe umeona nini kwa kijana huyu?" Mayu akajibu, "Mimi sijaona kosa lake." Kabula alirudi Bukundi na mume wake. Alizaa huko, akazeeka huko, akazikwa huko.

Miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba niliiokoa ndoa ile kwa birika. Mpaka mayu alipozeeka akawa wa kulishwa. Nilikuwa nikimnawisha, na mimi nina wajukuu tayari, akasema ghafla, "Siku ile ulimwaga polepole sana. Nilikuwa na haraka."

"Siku ipi, mayu?"

"Fimbo ya mkwe wangu ilikuwa mlangoni kwa Milembe. Ulidhani sikuijua? Shanga zile nilimpa Kabula mimi." Akanyoosha mikono. "Mwenye njaa anahitaji muda wa kumeza."

Shangazi alinifundisha kuutazama mlango, na mimi fimbo pale mlangoni sikuikumbuka. Mayu aliiona kabla hajafika kwangu. Natamani ningempigia goti tena, nimwagie maji hata asiyoyahitaji.

Hoteli ile sasa ni duka la simu. Wajukuu wa Kabula mlioko Bukundi, huenda bibi yenu aliwasimulia tofauti: kwamba zilikuwa dagaa badala ya sato, kwamba shanga zilikuwa bluu. Nisahihisheni, sitakasirika. Ila maji aliomba tena, kwa mdomo wake. Hilo nililisikia mwenyewe, birika mkononi.