Nyasi Juu ya Kinga Moto

Katika shamba lile la misonobari, msimamizi wa kinga moto aliitwa Fagio, na jina alilitolea jasho. Kila kiangazi aliongoza watu wake kufyeka na kukwatua mkanda wa hatua kumi kuzunguka miti, mpaka ubaki udongo mtupu. Ukiacha jani moja kavu, anakurudisha. Mkewe alilalamika kwamba porini anafagia, nyumbani ufagio haujui ulipo.

"Moto unatafuta daraja tu," aliwaambia vibarua. "Msiujengee."

Basi mtu huyohuyo ndiye aliyeujengea.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa na kibali cha kulima mahindi katikati ya miche michanga. Mwaka ule alikata nyasi za kuezekea jiko, akakosa pa kuzianika.

"Mdogo wangu, hapo kwenye kinga yako pana jua zuri. Siku mbili tu."

Fagio alikuna kichwa. Angekuwa mwingine angemtimua. Lakini huyu ndiye aliyembeba mgongoni.

"Haya, dada. Mbili tu, eh?"

Siku ya pili, mchana kweupe, jirani mmoja aliyekuwa akichoma mabua alizidiwa na upepo. Moto ulifika kwenye kinga ukasita, kisha ukazikuta zile nyasi, ukavuka bila hodi. Miche yote ya upande ule iliteketea, na mahindi ya dada pia.

Meneja aliwaita ofisini.

"Nani aliruhusu nyasi pale?"

Fagio alifungua kinywa, dada akamtangulia. "Niliweka mwenyewe. Yeye hakujua."

Fagio akakodolea macho sakafu, kana kwamba saruji ni kitu kigeni. Dada akanyang'anywa kibali papo hapo. Fagio akaendelea na kazi, na siku ya kustaafu akapewa cheti cha uaminifu. Aibu gani hiyo!

Miaka kumi na minne dada alipalilia mashamba ya watu, mgongo ukapinda. Fagio alimwona akipita na jembe, roho ikimuuma, asiseme kitu. Juzi yakamfika shingoni. Akaenda, akamkuta barazani akichambua maharage.

"Dada, nisamehe. Siku ile ilinipasa niseme mimi."

Dada aliendelea kuchambua, mawe huku, maharage huku.

"Nilisema vile ili upate nafasi ya kujikusanya," alijibu. "Halafu nikakuangalia, nikangoja."